Timu ya kazi kutoka Tanga, Jumapili moja ya mapumziko Mombasa: tuipangeje?

Mzani_Tanga

Habari zenu wakuu. Wenyeji wa Mombasa mliotuzidi umri, shikamooni.

Tuko watu 11 kutoka Tanga. Ofisi imetuleta kufunga mizani ya kupimia malori kwenye ghala upande wa Changamwe na kuwafundisha watakaoitumia. Tunalala Nyali. Jumapili ndiyo siku pekee isiyo na kazi, Jumatatu saa mbili asubuhi tunatakiwa ghalani, na Jumatano tunarudi nyumbani kwa njia ya mpaka wa Lunga Lunga. Kiongozi wa msafara hana pingamizi ila anataka mpango wa maandishi kabla ya Ijumaa.

Wenzangu wanataka Fort Jesus, Haller Park, Diani, na Wasini kuona pomboo, vyote siku hiyohiyo. Tuna Coaster ya ofisi yenye namba za Tanzania na dereva wetu. Kuna mama mmoja ana shida ya magoti, na vijana wawili wameapa hawarudi bila kuogelea.

Je, inawezekana? Gari la ofisi tulitumie au tukodi? Na karatasi ya ruhusa iandikwe nini?

Mwana_Kibokoni

Karibuni Mvita.

Vyote vinne kwa siku moja haviwezekani. Tazama ramani: Fort Jesus iko kisiwani, Haller Park iko Bamburi kaskazini baada ya daraja la Nyali, Diani iko kusini ng'ambo ya kivuko cha Likoni, na kisiwa cha Wasini mwakifikia kutoka Shimoni, kama kilomita 75 kutoka kivukoni. Mashua za pomboo huondoka Shimoni asubuhi, saa tatu hivi, na kurudi alasiri. Anayekwenda Wasini ameimaliza siku yake. Anayekwenda Diani Jumapili anarudi jioni pamoja na nusu ya Mombasa, na foleni ya magari Likoni saa hizo si ya mtu mwenye kazi kesho yake. Kwa hivyo upande wa kusini utoeni kwenye Jumapili. Nyinyi mwalala Nyali, basi siku yenu ni kisiwa asubuhi na kaskazini alasiri.

Ngome, yaani Fort Jesus, hufunguliwa saa mbili na nusu. Mfike saa hiyohiyo. Ndani ni uwanja wazi wa mawe ya matumbawe, kivuli ni cha kutafuta, na ikifika saa tano mawe yenyewe yatoa joto. Muda wa saa moja na nusu hadi mbili watosha ikiwa mna mtu wa kuwaeleza. Bila maelezo watu huzunguka dakika arobaini, wakapiga picha na mizinga, wakatoka hawajaona kitu. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Kitaliano aliyekuwa akiwatumikia. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, ndipo ikaanguka. Waingereza wakaigeuza gereza hadi 1958. Mwombeni mwelekezi awaonyeshe mambo matatu ambayo wengi huyapita: ukuta wenye michoro ya mabaharia wa Kireno, vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanna, merikebu iliyozama papo hapo mbele ya ngome mwaka 1697, na Nyumba ya Waomani juu ya ukuta upande wa bahari. Nyinyi ni mafundi, tazameni pia pembe za buruji zilivyokatwa ili mzinga wa upande mmoja ulinde ukuta wa upande wa pili. Hapana kona ambayo adui angejificha chini yake.

Mkitoka langoni msipande gari. Mji wa Kale waanza hapohapo. Shikeni Ndia Kuu kwa miguu, mpite Msikiti wa Mandhry, mteremke hadi Bandari ya Kale, kisha mrudi kwa vichochoro mpaka mtokee Biashara Street penye leso. Ni saa moja na nusu kwa mwendo wa kutazama milango. Kundi la watu 11 lataka mwelekezi mmoja mwenye kitambulisho, na bei isemwe kabla ya hatua ya kwanza: ni ya kundi zima au ya kila kichwa? Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Atakayewafuata akisema "nyinyi njooni tu, mtanipa mtakacho" mwambieni ahsante. Nguo za kufunika mabega na magoti, wake kwa waume. Msikitini hamwingii bila kukaribishwa, na watu hawapigwi picha bila kuulizwa.

Marikiti ya viungo iko karibu, lakini mtu wa Tanga atafuata nini pale? Iliki na karafuu mnazo kwenu. Mwenye hamu anunue vitu vizima, asinunue vilivyosagwa, maana kwenye masala iliyosagwa hujui uliyopimiwa ni bizari au ni unga. Na "zafarani" ya bei ya kutupa si zafarani.

Chakula cha mchana agizeni tangu asubuhi, mtakapokuwa mwapita kwenda ngomeni. Watu 11 wakiingia mkahawa wa Mji wa Kale saa saba bila taarifa, sahani za mwisho zatoka saa nane na nusu na ratiba yote imevunjika. Pilau au biriani, mlipe nusu, mwandikiwe saa.

Kijana_wa_Bamburi

Hayo ya kisiwa nayakubali yote. Kwenye Haller Park na kuogelea nina neno.

Twiga hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, kiboko saa kumi. Pigeni simu Jumamosi kuthibitisha, kwa sababu ratiba ya wanyama ikibadilika hakuna atakayewatangazia. Mkilenga twiga wa saa tisa, muwe langoni saa nane na nusu. Kutoka Mji wa Kale mpaka Bamburi barabara ikiwa wazi ni nusu saa, lakini Jumapili kuanzia saa saba watu wote wa kisiwani waelekea baharini, wekeni dakika 50.

Msipaangalie pale kama bustani ya wanyama peke yake. Lilikuwa shimo la machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu na maji ya chumvi chini. René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971, na katika aina alizojaribu mvinje ulikuwa mmoja wa michache iliyostahimili. Tatizo likawa majani yake makavu hayaozi. Akaleta majongoo, wakayala, kinyesi chao kikawa udongo wa kwanza. Mkitembea angalieni chini, bado wako. (Kiwanda chenyewe tangu mwisho wa 2024 kimo mikononi mwa kampuni ya Amsons ya kwenu Tanzania, kwa hiyo mtajiona nyumbani kidogo.) Njia zake ni tambarare, mama mwenye magoti atakwenda bila tabu, ila umbali ni mrefu kuliko unavyoonekana kwenye ramani ya langoni.

Kuogelea sasa. Hili ndilo linaloamua siku yote ianzie wapi. Watu wa Tanga mwajua maji kujaa na kupwa, ila mgeni husahau akiwa kazini. Bahari yetu siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, hujaa saa kumi alasiri hivi na kupwa saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yajaa karibu na saa nne asubuhi, na saa kumi alasiri yamekupwa. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Maji yakiwa yamekupwa Nyali na Bamburi, vijana wenu watatembea juu ya mwani na mawe hadi karibu na mwamba wala hawatafunika magoti.

Basi fungueni kalenda. Jumapili yenu ikiangukia bamvua, fuateni mpango wa Mwana_Kibokoni, mkimaliza kiboko saa kumi na nusu vijana wateremke ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, watu waita Pirates, ni mwendo mfupi tu. Ikiangukia maji mafu, pindueni: waogelee Nyali mapema asubuhi maji yakipanda, mwende twiga wa saa tano, mle huku kaskazini, kisha ngome kuanzia saa tisa jua likipungua. Ngome hufungwa saa kumi na mbili, kwa hiyo muda upo. Jioni mmalizie kando ya bahari pale Mama Ngina, kisiwani, kwa muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, viazi karai na madafu, na saa hiyo wenye magari wengine watoka pwani kurudi kisiwani huku nyinyi mwarudi Nyali.

Pirates Jumapili jioni imejaa mno. Wawili wakiogelea, wa tatu abaki mchangani na simu na pochi zao. Asiyejua kuogelea asikodi lile boya la tairi la gari kisha asukumwe na mkondo, kila msimu hutokea.

Usukani_Likoni

Nijibu la gari, maana wengine wameruka.

Coaster ya ofisi iacheni ilipo Jumapili. Sababu ya kwanza ni bima. Gari la Tanzania likiwa Kenya hutembea kwa Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvuka mipaka. (Usichanganye na ile ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo nayo watu huiita kadi ya njano, ukimwambia dereva "chukua kadi ya njano" hakikisha amebeba zote mbili.) Kadi hiyo hushughulikia madhara mliyomfanyia mtu mwingine barabarani. Haitengenezi gari lenu. Bima kubwa ya gari huenda imeandikwa kwa matumizi ya kazi, na kuwapeleka watu kutazama twiga si kazi. Likigongwa njiani, ofisi itauliza lilikuwa likienda wapi, na jibu mtalitoa kwa maandishi.

Sababu ya pili ni dereva. Yeye naye ni mmoja wa hao 11. Akiendesha Jumapili hakupumzika, na Jumatano ndiye atakayewafikisha Tanga. Mpeni siku yake.

Kodini matatu ya abiria 14 au gari la watalii. Nyinyi 11 na dereva mwenyeji mwaingia vizuri. Liwe na leseni ya kubeba abiria na stika ya bima ya abiria kwenye kioo, mtazame tarehe. Gari la mtu binafsi linalokodishwa kimyakimya ni rahisi, lakini bima yake haitambui abiria wa kulipa. Mkipatana bei ulizeni haya kwa sauti: ni ya saa ngapi hadi saa ngapi, mafuta yamo au hayamo, maegesho ni ya nani, chakula cha dereva ni cha nani, saa ya ziada ni pesa ngapi. Lipeni theluthi asubuhi, zilizobaki mkishuka. Msilipe zote mwanzo. Dereva aliyelipwa zote hupata dharura saa tisa.

Maegesho ya kisiwani hulipwa kwa simu, na gari lisilolipiwa hufungwa chuma gurudumuni. Hilo liwe jukumu la dereva, mlipatane hivyo.

Sanamu ya Pembe za Ndovu, Moi Avenue: wote mtataka picha. Gari lisisimame katikati ya barabara. Dereva awashushe upande wa bustani, mpige picha dakika tano, awachukue mbele. Kivukoni Likoni na bandarini Kilindini msipige picha hata moja. Walinzi hawacheki na jambo hilo, na mtu mwenye pasipoti ya nchi nyingine ataelezwa kwa muda mrefu zaidi.

Mhasibu_Ganjoni

Kwenye karatasi ya ruhusa, fupi ni bora, ukurasa mmoja. Iwe na majina yote 11, tarehe, saa ya kutoka na saa ya kurudi, njia mtakayopita kwa mpangilio, namba ya usajili ya gari la kukodi na simu ya dereva wake, simu za watu wawili katika kundi, na jina la atakayekuwa msimamizi ikiwa kiongozi mwenyewe hatakwenda. Kisha sentensi mbili ambazo watu huziacha. Moja: safari ni ya hiari na gharama ni za washiriki. Ya pili: asiyekwenda hatahesabiwa kuwa amekaidi, wala hatachangishwa. Katika kundi la kazi huwa kuna mmoja anayetaka kulala tu, na mkubwa akisema "twende sote" yule hana ubavu wa kukataa.

Saa ya kurudi iandikwe saa mbili usiku, hata kama mwakusudia saa moja.

Posho. Ofisi nyingi hulipa posho ya siku ya mapumziko kwa sababu mfanyakazi yuko mbali na kwake hata kama hafanyi kazi, nyingine hulipa sehemu tu. Waulizeni Ijumaa, msiwaulize Jumatatu. Vyovyote iwavyo, stakabadhi ya ngome au ya gari la kukodi isiingie kwenye marejesho ya safari ya kazi. Mkaguzi anayeona tiketi ya twiga kwenye jalada la mizani atasoma na kurasa nyingine zote kwa makini mapya.

Fidia nalo ni jambo. Kwenu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa madhara yatokanayo na kazi. Mtu akivunjika mguu akishuka ngazi za Leven kule Mji wa Kale siku ya mapumziko, je, yatokana na kazi? Hilo si la kubishana hospitalini. Mwulizeni mhusika wa rasilimali watu kwa barua pepe, mpate jibu, na kama jibu ni hapana kila mmoja aangalie bima yake ya afya inavuka mpaka au haivuki.

Fedha zichangwe Jumamosi usiku, mshika fedha mmoja, daftari moja. Hesabuni gari, viingilio, mwelekezi, chakula, maji, halafu ongezeni sehemu moja ya kumi. Hiyo sehemu ya kumi ikibaki, igawanywe jioni mbele ya wote. Vitu vya mtu binafsi, leso, halua, mabuyu, visiguse fedha za kundi. Mwanzoni huonekana ni uchoyo, lakini ndiyo inayowafanya watu wasalimiane Jumatatu.

Mzani_Tanga

Ahsanteni sana, hii ni zaidi ya tulichoomba. Nimetazama kalenda, Jumapili hiyo ni siku mbili baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo bamvua: kisiwa asubuhi, twiga saa tisa, vijana waoge jioni.

Yamebaki matatu. Viingilio tunalipaje sisi wenye laini za Tanzania? Mama wa magoti ngomeni atafanyaje? Na Wasini: Jumatano tunapita barabara ya Lunga Lunga hata hivyo, je, tukichepuka Shimoni asubuhi tukaendelea na safari?

Mwana_Kibokoni

Mama kwanza. Kuingia ngomeni ni mwinuko wenye mawe, si mrefu, atapanda polepole kwa mkono wa mtu. Uwanja wa ndani na jumba la makumbusho ni pa chini, ataona mengi. Ngazi za kwenda juu ya buruji na Nyumba ya Waomani ndizo za kuziacha. Mji wa Kale msimtembeze wote. Mchukulieni tuk-tuk langoni pamoja na mwenzake mmoja, iwazungushe hadi Bandari ya Kale muwakute huko. Tuk-tuk yabeba watatu na yapita vichochoro ambavyo gari lenu halipiti.

Kila mtu na pasipoti yake. Viingilio vya makumbusho vina daraja tofauti kwa raia, kwa wakazi wa Afrika Mashariki na kwa wageni wengine. Bila pasipoti mkononi, mtu wa langoni ana haki ya kuwatoza kama mliotoka Ulaya.

Bi_Tudor

Malipo, mwanangu, sikiliza vizuri maana hapa ndipo makundi hukwama.

Makumbusho ya Taifa, ngome ikiwemo, na mbuga za serikali hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, namba ya malipo ya serikali ni 222222. Langoni hawapokei noti. Hapo mna njia mbili: kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, au M-Pesa ya Kenya. M-Pesa yenu ya Tanzania hutuma fedha kwa mtu aliye Kenya, lakini msiitegemee kulipia namba za biashara za huku. Mmoja wenu anunue laini ya Safaricom, husajiliwa kwa pasipoti, aweke fedha za kundi, awe ndiye mlipaji wa siku nzima. Haller Park si ya serikali, malipo yake ni pale pale, waulizeni mkipiga ile simu ya Jumamosi.

Tiketi za ngome lipieni Jumamosi usiku mkiwa na mtandao wa hoteli. Chagueni daraja sahihi na idadi sahihi, 11, kwa sababu kurekebisha langoni ni kuanza upya. Pigeni picha ya skrini ya tiketi na ujumbe wa malipo, zikae kwenye simu mbili. Kosa la kawaida ni kundi kusimama juani saa mbili na nusu, mtu mmoja anasajili akaunti, nambari ya uthibitisho haiji kwa sababu aliandika simu ya Tanzania ambayo ameizima.

Hata hivyo noti ndogondogo mzibebe: mwelekezi, madafu, muhogo, choo. Badilisheni shilingi kwenye duka lenye leseni, siku ya Jumamosi.

Na maji kila mtu lita moja na nusu kwenye chupa ya kurudia. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwenye hifadhi na fukwe za hifadhi tangu Juni 2020, na mifuko ya plastiki ya kubebea nchi nzima tangu Agosti 2017. Kwenu pia iko marufuku ya mifuko, basi hamtashangaa.

Usukani_Likoni

Wasini siku ya Jumatano: yawezekana, lakini si ile ya pomboo mpaka jioni. Hesabu ni hii. Mashua ya Kisite, hifadhi ya bahari ya hao pomboo, ikitoka saa tatu, yarudi saa tisa au zaidi. Mkikaushana na kupanda gari ni saa kumi. Kutoka Shimoni mwarudi kilomita 14 hivi hadi barabara kuu, kisha Lunga Lunga, mpaka, halafu Horohoro hadi Tanga kama kilomita 65. Mwaingia Tanga usiku, na dereva ameamka alfajiri. Juu ya hayo Jumatano ni siku ya kazi, si ya mapumziko. Iandikwe kwenye karatasi ileile ya ruhusa kwa tarehe yake, au msichepuke kabisa.

Nusu siku ndiyo yenye akili. Tokeni Nyali saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi wimbi la watu Likoni latoka kusini kuingia kisiwani, nyinyi mwaenda kinyume chake. Kivuko kikiwa na shida, pitieni Miritini barabara ya Dongo Kundu, hamtagusa maji. Mfike Shimoni saa mbili. Tazameni mapango ya watumwa, kisha vukeni kwa mashua hadi kijiji cha Wasini tu, kwenye bustani ya matumbawe yenye njia ya mbao inayoendeshwa na kina mama wa kijiji. Saa tano na nusu mko barabarani, mchana mko mpakani.

Mashuani hesabuni maboya ya kuvaa kabla ya kupanda: watu 11 na mabaharia, maboya si chini ya hapo, na yafungike. Msimu wa kusi, Mei hadi Septemba hivi, nje ya kisiwa huchafuka. Nahodha akisema leo hatutoki, msimbembeleze. Wakiwatajia bei ya "kila kitu", ulizeni kama kiingilio cha hifadhi kimo. Mara nyingi hakimo. Kwa safari ya kijijini tu hamwingii hifadhi ya Kisite, basi asiwatoze.

Coaster itakuwa na mizigo na vifaa vya mizani. Dereva abaki nayo, na mtu mmoja wa zamu. Vifaa mlivyoingia navyo kwa hati ya forodha vitoke vile vile, idadi ileile. Kisanduku kimoja kikipotea Shimoni, mpakani mtaulizwa kiliuzwa kwa nani.

Kijana_wa_Bamburi

Kwa hiyo bamvua siku mbili baada ya mwezi mpevu: maji yatajaa karibu na saa kumi na moja na nusu jioni. Vijana wana muda kuanzia saa kumi na moja hadi jua likaribie kutua, na jua huku hutua karibu saa kumi na mbili na nusu. Mtoke Pirates kabla ya jua kutua. Matatu zote hujaa kwa mkupuo mmoja, na dereva wenu mwambieni asiegeshe ndani kabisa penye vibanda. Akae upande wa barabara kuu, gari likitazama Nyali.

Mzani_Tanga

Sawa, imeandikwa. Jumatano tutachukua ile nusu siku kama ofisi itaridhia, la sivyo tunapita moja kwa moja. Mwelekezi wa Mji wa Kale tumtafute langoni au kuna utaratibu?

Mwana_Kibokoni

Langoni, baada ya kutoka ngomeni, si kabla. Wenye vitambulisho hukaa kivulini upande wa kushoto wa lango. Mwulizeni swali moja la kumpima: Nyumba ya Leven ilikuwa ya nini? Akijibu kwa utulivu na kuwaonyesha njia, ndiye. Akianza na bei ya vinyago, mwacheni.